Nimewapa wanachuo watengeneze infografiki ya kichocho. Sasa nisahihishe nini hasa?

Mkufunzi wa Ziwani

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkufunzi katika chuo cha kati cha afya huku Kanda ya Ziwa, nafundisha afya ya jamii mwaka wa pili. Kuna jambo limeninyima usingizi wiki nzima, naomba msaada, hasa kwa ninyi mnaofundisha vyuoni.

Muhula huu niliachana na ile kazi ya kikundi tuliyoizoea, ya kurasa kumi na mbili, ambapo mmoja anaandika na wengine wanaweka majina tu. Badala yake nikawapa infografiki: karatasi moja, picha na maneno machache, mada ni kichocho, na msomaji ni mama muuza dagaa au kijana mvuvi pale mwaloni. Lugha ni Kiswahili. Darasa lina wanachuo 84, nikawagawa vikundi 21 vya watu wanne wanne, nikawapa wiki mbili. Mwenye kompyuta au simu nzuri aitumie, asiye nayo achukue manila na maka peni.

Kazi zikaja. Kumi na nne zimetengenezwa kwa Canva, ile programu ya kubuni mabango, saba ni za manila. Nikakaa nazo mezani usiku, na kazi mbili ndizo zilizonifanya niandike hapa.

Ya kwanza ni ya Canva. Inavutia kuitazama: bluu ya ziwa, herufi zimekaa vizuri, vichwa vya habari vinasomeka ukiwa mlangoni. Katikati kuna mtoto anakunywa maji kwenye glasi. Kutoka kwenye glasi mshale mwekundu unashuka hadi tumboni, na tumboni kuna minyoo. Chini pameandikwa: "Epuka kichocho, kunywa maji yaliyochemshwa."

Niliitazama ile glasi kwa muda mrefu. Kichocho hakipatikani hivyo. Kinachomwingia mtu ni serkaria, kijidudu kidogo chenye mkia uliopasuka ncha, kinachotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia ziwani, mtoni au kwenye jaruba la mpunga. Ngozi haihitaji hata kuwa na kidonda. Nikaenda kufungua karatasi za zoezi la wiki ya sita. Wanne wote wa kikundi kile walijibu swali la njia ya maambukizi, na watatu wamepata alama zote. Wameandika kwa Kiingereza, sentensi safi kabisa, kwamba kimelea hupenya ngozi.

Yaani mtihani unasema wanajua, picha inasema hawajui. Nimefundisha miaka tisa na sikuwahi kuliona jambo hili waziwazi namna ile.

Kazi ya pili ni ya manila. Wino umepenya upande wa pili, herufi zinapanda mlima, na konokono wao ukimtazama haraka unadhani ni kofia. Lakini wamechora mguu wa mkulima ndani ya jaruba, na kwenye kifundo cha mguu kuna vitone vidogo vyenye mikia vinaingia kwenye ngozi. Mstari unapita mapafuni, unafika kwenye ini, unateremka hadi mishipa ya kibofu. Yai lina mwiba mwishoni, na pembeni wamechora yai la pili lenye mwiba ubavuni, wakaandika "hili ni la yule wa utumbo," yaani mnyoo wa kichocho cha tumbo. Kisha mkojo unarudi majini, yai linaanguliwa, konokono yupo anasubiri. Kwenye kona kuna ndoo yenye mfuniko, imeandikwa "saa 48," kwa sababu serkaria aliye kwenye maji yaliyotekwa asipompata mtu haishi zaidi ya siku mbili. Hilo la ndoo sikulifundisha. Walilitafuta wenyewe.

Sasa mwongozo wa kusahihisha tunaotumia idarani una muonekano alama 30, mpangilio 20, ubunifu 20, maudhui 30. Nikaufuata kama ulivyo. Glasi ikapata 71, mguu ukapata 64.

Nimeshindwa kuyabandika hayo matokeo. Bado ninayo kwenye begi.

Mkuu wangu wa idara amenishauri nirudi kwenye insha. Anasema hii ni michoro ya shule ya msingi, haina hadhi ya stashahada. Mimi naamini kazi hii ina kitu kikubwa ndani yake, ila sijui kukipima. Kwa wale waliowahi kuifanya: mnasahihisha nini? Na mnafanyaje ili mwenye simu nzuri asimzidi mwenye kichwa kizuri?

---

Mhasibu Kamili

Kaka, pole na kazi. Mimi nafundisha uhasibu chuoni, na nitasema upande wa mkuu wako wa idara maana hapa wengi watakupongeza tu.

Wiki mbili ni nyingi. Mtihani wa mwisho wa muhula hautamwambia mwanachuo achore, utamwambia aeleze. Wewe una wanachuo 84 na vikundi 21, kila kimoja kinataka maoni. Mimi nilijaribu na mtiririko wa fedha, nikapata mabango yenye picha za noti na mifuko ya pesa, na hesabu zenyewe hakuna. Nusu yake walinakili kutoka intaneti, hata rangi hawakubadilisha. Nikaacha.

Sisemi ni mbaya. Nasema kama huwezi kueleza kinachojifunzwa pale ambacho insha haikifundishi, basi mkuu wako ana hoja.

---

Mama Takwimu

Mdogo wangu Mkufunzi wa Ziwani, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nimefundisha takwimu za afya vyuoni hadi nilipostaafu, na kazi za aina hii nilianza kuzitoa kabla hatujajua kuziita infografiki, tulisema tu "bango la takwimu." Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umegusa kitu ninachokijali sana, na humo humo Mhasibu atapata jibu lake.

Kwanza, ile glasi ndiyo mavuno yako ya muhula huu. Vijana wale wamekuja chuoni na picha waliyoibeba kutoka nyumbani: maji machafu, tumbo, minyoo. Umewapa sentensi ya Kiingereza, wameikariri, na ikakaa juu ya ile picha bila kuigusa. Insha ingekurudishia sentensi ile ile na ungewapa alama zote. Kuchora kumewalazimisha waseme kijidudu kinaingilia wapi, kwa sababu kwenye karatasi mshale lazima uguse mahali. Ukisema "maambukizi hutokea kupitia mazingira ya maji" umekwepa. Ukichora, huna pa kukwepea. Na kubadili lugha kumeongeza uzito: aliyekariri kwa Kiingereza, ukimwambia amweleze mama wa mwaloni kwa Kiswahili, inabidi aelewe kwanza. Mhasibu, hicho ndicho insha haikifundishi.

Kosa lako, naomba nikwambie kama dada, ni kwamba uliwaachia waanzie kwenye kompyuta. Zile programu zinampa mtu sura kabla hajapata wazo. Anafungua kiolezo, kina nafasi nne za picha, naye anatafuta vitu vinne vya kujazia. Kiolezo ndicho kinachofikiri. Anza darasani kwa penseli. Madaftari yamefungwa, simu zimo mabegini, karatasi moja nyeupe kila mtu, peke yake kabla ya kikundi, dakika arobaini. Wewe pita katikati yao usiseme neno, tazama tu. Siku hiyo hiyo utajua nani ana glasi kichwani.

Wala wasione aibu kwamba hawajui kuchora. Mwaka 2016 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Waterloo kule Kanada, Wammes, Meade na Fernandes, waliwapa watu maneno, mengine wayaandike kwa kurudia, mengine wayachore, kwa sekunde 40. Yaliyochorwa yalikumbukwa zaidi, na ubora wa mchoro haukuwa sababu. Walipopunguza muda hadi sekunde 4, bado kuchora kulishinda. Konokono wako wa kofia ametosha kabisa.

Pili, mishale. Hili nalisisitiza kuliko yote. Katika mabango niliyosahihisha, mahali panapoficha ujinga ni kwenye mshale. Bango moja linakuwa na mishale kumi inayofanana, wa kwanza maana yake "huenda," wa pili "husababisha," wa tatu "hugeuka kuwa," wa nne "hula." Mwanafunzi mwenyewe hajui kama amebadilisha maana njiani. Nikaweka sheria: kila mshale una kitenzi, na kitenzi kimeandikwa juu yake. Yai *linaanguliwa*. Mirasidia, yule kijidudu anayetoka kwenye yai, *anamwingia* konokono. Serkaria *anapenya*. Mnyoo *anataga*. Asiyepata kitenzi hajui kinachotokea pale, na sasa anajua kwamba hajui. Waambie kikundi cha glasi waweke kitenzi kwenye mshale wao mwekundu, halafu uwaulize: kitendo hicho kinafanywa na nani?

Tatu, idadi. Nina hakika katika zile 21 kuna kikundi kilicholinganisha wagonjwa wa miezi miwili kwa kuchora mtu mdogo na mtu mkubwa. Kama wagonjwa wameongezeka mara mbili, wanamchora mtu mwenye kimo mara mbili. Sasa chukua rula. Kimo mara mbili, na upana nao umeongezeka mara mbili, kwa hiyo wino umejaza eneo mara nne. Macho yanasoma mara nne. Bango limedanganya na aliyelitengeneza hakukusudia. Otto Neurath, mtaalamu wa sayansi ya jamii wa Austria, na wenzake walilimaliza tatizo hili kule Vienna katika jumba lao la makumbusho lililoanzishwa mwaka 1925: idadi ikizidi, ongeza picha zilezile za ukubwa uleule, usikuze picha moja. Wagonjwa ishirini, watu wadogo wawili, kila mmoja ni kumi. Mkewe, Marie Neurath, aliifanya kazi hiyo hiyo na serikali ya Nigeria ya Magharibi miaka ya 1950, kwenye vijitabu vya kueleza wananchi huduma za afya na elimu. Kwa hiyo mkuu wa idara akisema ni kazi ya watoto, mwambie serikali zimewahi kuitegemea.

Na kama anataka hadhi ya chuo, mweleze habari za W.E.B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi. Mwaka 1900 alikuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Atlanta, Georgia, Marekani, akapata nafasi kwenye maonyesho makubwa ya dunia kule Paris. Yeye na wanafunzi wake wakachora kwa mkono, kwa wino na rangi za maji, michoro takribani 60 kuhusu maisha ya watu weusi, miaka 35 tu baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Kuna mmoja napenda sana kuwaonyesha wanafunzi. Walitaka kulinganisha watu weusi wa Georgia wanaokaa mijini na wanaokaa vijijini mwaka 1890. Wa vijijini walikuwa zaidi ya 730,000, na mstari wao ukawa mrefu mno kwa karatasi. Hawakuupunguza, wala hawakubadilisha kipimo. Wakauzungusha kama gamba la konokono, mwekundu, unajaza karatasi nusu. Ukiuona huhitaji kusoma namba ili ujue watu walikuwa wapi. Uamuzi ule ndio elimu yenyewe, na walioshika kalamu walikuwa vijana wa chuo kama wako. Du Bois mwenyewe alimalizia maisha yake Afrika, alifariki Accra mwaka 1963.

Sasa alama, maana ndilo swali lako. Mimi nilikuwa nagawa hivi katika ishirini: rasimu ya penseli ya kila mtu, saba. Utetezi wa mdomo wa dakika tatu, ambapo mimi ndiye nachagua nani wa kikundi asimame, saba. Usahihi wa bango la mwisho na chanzo cha kila namba, tano. Usafi, moja. Mwenye simu ya gharama amemzidi mwenzake kwa alama moja, basi. Na ukichagua wewe msemaji, hakuna atakayeweka jina tu.

Namba zenyewe wasizitoe intaneti. Waende kwenye rejesta za MTUHA, zile za taarifa za huduma za afya, pale kituo wanapofanyia vitendo, kwa ruhusa ya mganga mfawidhi, wahesabu wao wenyewe, majina ya wagonjwa yasitoke. Mtu aliyehesabu mistari ya rejesta kwa kidole hanakili bango la mtu.

Hayo matokeo yaliyo kwenye begi usiyabandike.

---

Fundi wa Bango

Sina mengi, Mama amemaliza. Mimi ni mbunifu wa michoro, nimefanya mabango ya afya kwa zaidi ya miaka kumi. Niongeze moja la mtaani: kabla hujaipokea kazi, ipeleke stesheneri itolewe kopi nyeusi. Vituoni hakuna printa ya rangi. Bango ambalo "hatari" ni nyekundu na "salama" ni kijani, likitoka kwenye mashine yote mawili ni kijivu kilekile, na ujumbe umekufa. Watofautishe kwa umbo au kwa neno, rangi iwe nyongeza. Pia kuna watu wasiotofautisha nyekundu na kijani hata bango likiwa la rangi.

---

Binti wa Stashahada

Shikamooni wakufunzi wote. Mimi ni mwanachuo, siyo wa chuo cha Mkufunzi wa Ziwani, ila kazi kama hii tulipewa mwaka jana. Naomba niseme upande wetu kwa heshima.

Kikundi chetu tulikuwa watano, mwenye simu inayofungua Canva bila kukwama alikuwa mmoja. Mimi nilikuwa na simu ya batani. Kilichotokea ni kwamba yeye alikuwa fundi na sisi tukawa wachangia bando, kila mtu jero. Tulikaa nyuma yake tunaangalia kioo. Nilijua kwamba alichoweka kwenye mzunguko wa malaria kina kasoro, lakini yeye ndiye alikuwa anashika simu, na kurekebisha kulimaanisha kuanza upya na bando limebaki kidogo. Tukanyamaza. Tulipata alama za juu kuliko kikundi chochote na mimi sikufurahi, kwa sababu kwenye ile kazi hakuna kitu changu hata kimoja.

Kwa hiyo hii ya kila mtu penseli yake darasani, mwalimu, naomba sana uifanye. Kuna wanafunzi wako wanaojua na hawajawahi kupata nafasi ya kuonyesha. Na ule mguu kwenye jaruba, kama hutajali, uwaambie waliouchora kwamba umeuona. Sisi mara nyingi tunapewa namba tu, hatujui mwalimu aliona nini.

---

Mkufunzi wa Ziwani

Marahaba binti yangu, na asante. Niliwaambia siku ya pili yake. Aliyechora kifundo cha mguu ni kijana ambaye tangu mwaka wa kwanza sikuwahi kumsikia akinyoosha mkono. Kwao wanalima mpunga. Alisema tu, "Mwalimu, ule ni mguu wa baba."

Mama Takwimu, shikamoo. Nimefanya ulivyosema. Wiki tatu zimepita, narudisha mrejesho.

Matokeo yale nimeyafuta, nikawaeleza darasa kwa nini. Kisha penseli, dakika arobaini, karatasi 84. Nilipita kimya kama ulivyonielekeza. Nilihesabu glasi na midomo thelathini na moja. Thelathini na moja, katika darasa ambalo mimi nilijua wameelewa! Sikuwasahihisha palepale. Niliwaambia waweke vitenzi juu ya mishale, na hapo darasa likaanza kupiga kelele lenyewe. Msichana mmoja wa kikundi cha glasi aliandika "anameza," akakaa, akafuta, akaandika "anaingia," akafuta tena. Akamgeukia mwenzake: "Kwani serkaria mkia wake ni wa nini kama anamezwa?" Nimefundisha somo hili mara tisa na sijawahi kuulizwa swali zuri kama hilo. Mkia ni wa kuogelea kumtafuta mtu, na anaukata anapopenya. Alijijibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Kisha nikaongeza hatua moja ambayo haikuwa kwenye orodha yako. Jumamosi tulikwenda mwaloni na rasimu kumi, za penseli hivyohivyo. Sheria ilikuwa: mwonyeshe mtu mchoro, usiseme kitu, muulize "unaona nini hapa?", andika anachosema. Basi.

Nilidhani tunakwenda kuhakikisha tu, kumbe somo lenyewe lilikuwa linatusubiri kule. Vikundi sita kati ya kumi walikuwa wamechora mtoto anaoga ziwani na juu yake alama kubwa ya X, kwa maana ya "usioge hapa." Mama mmoja anayeanika dagaa aliishika karatasi, akaigeuza, akairudisha, akasema, "Hapa mnasema pana mamba. Wamemchukua mtoto." Mwingine akasema huyo mtoto amekufa maji. Hakuna hata mmoja wa watu wale aliyesema "usioge." Ile X ni alama ya shule, sisi tumeizoea kwenye madaftari kwa kalamu nyekundu, tukadhani ni ya watu wote. Wanachuo walirudi wamenyamaza kwenye gari. Jumatatu waliifuta wote, na wengi wakachora vitu viwili badala yake: mtoto anaogea kwenye beseni karibu na nyumba, na ndoo yenye mfuniko ambayo jua limechora duara mara mbili juu yake, kuonyesha siku mbili. Tutaona kama duara litaeleweka.

Fundi wa Bango, nimepeleka kopi nyeusi. Mabango matano yalikufa kama ulivyosema. Yamerekebishwa.

Mhasibu, sikupuuzi. Wiki mbili ni nyingi kweli, na safari hii darasani imechukua vipindi vitatu tu, ukiondoa Jumamosi ya mwaloni. Nilifanya na insha ya nusu ukurasa mwishoni, kwa Kiingereza, swali la kawaida la mtihani. Sitakupa asilimia hapa maana ni darasa moja tu, lakini majibu yalikuwa na mpangilio wa hatua kwa hatua ambao sikuuzoea, na wengine walichora mshale mdogo pembeni mwa karatasi kabla ya kuanza kuandika. Jaribu tena ule mtiririko wa fedha kwa penseli na vitenzi. Fedha nayo inatoka, inaingia, inakaa. Nani ameitoa?

Mkuu wa idara alikaa nyuma kwenye utetezi wa mdomo. Hakusema kitu pale. Jana ameniomba nakala ya mgawanyo wa alama, ameuchukua ule wa Mama kama ulivyo, saba, saba, tano, moja.

Kimebaki kimoja ambacho naomba mawazo. Kikundi cha glasi wamenifuata ofisini asubuhi wakiomba ruhusa ya kurudi mwaloni Jumamosi hii kwa nauli yao. Yule mama wa dagaa aliwauliza swali ambalo hawakuwa na picha yake: mtoto akigawiwa vidonge shuleni leo, na kesho akaingia tena majini, inakuwaje? Praziquantel, ndiyo dawa ya kichocho kwenye vidonge hivyo, inaua minyoo iliyokwisha komaa mwilini, haimkingi mtu asiingiwe na mipya, na wale wachanga walioingia karibuni wanaweza kubaki. Hayo wanayajua. Tatizo lao ni kuchora dawa iliyofanya kazi na mtoto aliyeugua tena kwenye karatasi moja, bila mama yule kuelewa kwamba dawa haifai. Wameshafuta rasimu mbili. Kama kuna mtu amewahi kulichora jambo la namna hiyo likaeleweka, atuonyeshe kabla ya Jumamosi.